Mto si Kifuko Kikubwa: Kuchagua Majani, Kitambaa na Mshono

Mto wa kwanza wa majani niliowahi kushona haukulalika hata usiku mmoja. Nilikuwa nimeujaza kila kilichonukia: mchaichai uliokatwakatwa, karafuu nzima, majani ya mkaratusi, nikashindilia mpaka ukawa mgumu kama mpira. Kufika saa sita za usiku kichwa kinagonga, kila nikigeuka majani yanalia kwaru kwaru sikioni, na kijiti kimoja cha mchaichai kimetoboa kitambaa na kunichoma shavuni. Asubuhi niliufumua. Vitu vile vile nikavigawa kwenye vifuko vidogo, nikavipanga kati ya mashuka kabatini, na huko vilinukia zaidi ya mwaka mzima. Majani hayakuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimeyapeleka mahali pasipoyafaa.

Tangu hapo mtu akiniuliza ajaze nini, mimi kwanza humuuliza kitu chenyewe kitakaa wapi. Mto uko vidole viwili kutoka puani, kwa saa saba au nane, unapata joto la kichwa na unyevu wa pumzi, na vyote viwili huitoa harufu kwa kasi. Kifuko kimefungiwa kabatini au ndani ya droo, hewa haisogei, hakuna anayekivuta usiku kucha, na kazi yake ni kudumu miezi. Kwa hiyo mto unataka harufu ya upole na majani laini yasiyo na vumbi, ilhali kifuko kinataka harufu kali inayotoka polepole. Wengi hushona mto kana kwamba ni kifuko kilichokuzwa, na hapo ndipo wanapokata tamaa na kazi nzima.

Harufu inakaa wapi kwenye mmea

Shika ua la lavenda lililokauka, ulisogeze karibu na dirisha. Petali ya zambarau imeshanyauka, haina kazi tena. Harufu iko kwenye kikombe kidogo cha buluu ya kijivu kilichoishikilia petali hiyo. Kina mistari na vinyweleo, na katikati ya vinyweleo hivyo mna vitezi vya mafuta vidogo mno. Lifikiche mara moja tu: vitezi vinapasuka na harufu inakurukia. Mnanaa, mrehani na rozimari ni ukoo mmoja na lavenda, nayo huweka mafuta kwenye vitezi vya juu ya jani. Jani likianikwa taratibu, vitezi vinabaki vizima. Ukilifikicha mapema ili liingie vizuri mfukoni, umemwaga harufu kabla ya wakati wake.

Karafuu ina tabia nyingine. Mafuta yake yamo ndani ya nyama ya kikonyo, chini ya ngozi, ndiyo maana karafuu nzima hudumu muda mrefu sana, na iliyotwangwa hukufokea kwa nguvu wiki chache kisha ikapoa. Ukitaka kujua kama ni nzuri, ibonyeze kwa ukucha: karafuu nzima ya kweli huchomoza mafuta. Isiyotoa kitu imeshakamuliwa au imezeeka, na kuijaza kwenye kifuko ni kupoteza uzi.

Linalovunja wengi moyo ni asumini. Ua hili haliweki akiba ya harufu. Huitengeneza linapofunguka na kuiachia hewani saa hizo hizo. Likikauka unabaki na vikaratasi vya kahawia visivyosema lolote. Waridi lina nafuu kidogo, petali zake hubakiza harufu hafifu, kwa hiyo huwa naliingiza kwa ulaini na rangi, lakini silitegemei kubeba harufu peke yake. Ukiwa na mmea ambao hujui tabia yake, kausha konzi moja kwanza, ukae nayo wiki mbili, kisha uifikiche. Itakuambia kama inafaa kabla hujakata kitambaa.

Kukausha kwenyewe ni kivulini, penye hewa, joto lisipite nyuzi 40 za Selsiasi. Jua kali hupeperusha mafuta na kuunguza rangi. Jani liko tayari linapovunjika kwa mlio, na kijiti kinapokatika badala ya kupinda. Kama una shaka, tia konzi ndani ya chupa ya kioo, funga kifuniko, iache ilale. Asubuhi ukiona ukungu umeshika kwenye kioo, bado kuna maji. Majani yenye maji yakishonewa ndani ya mto huota kuvu, na uvundo wa kuvu haufichwi na lavenda wala karafuu.

Ya kulalia

Lavenda inastahili kutangulia, ila kuna lavenda mbili na watu huzichanganya. Moja ni Lavandula angustifolia, lavenda ya kweli. Nyingine ni chotara wake, lavandini, unaolimwa kwa wingi kwa sababu hutoa mafuta mengi zaidi. Lavandini ina kafuri zaidi, hivyo harufu yake ni kali na inapanda puani kama dawa ya kuchua. Ya kweli ina utamu wa chini chini. Mara nyingi pakiti imeandikwa "lavenda" tu, basi amini pua yako. Ikikukumbusha dawa ya misuli, ipeleke kabatini, itafanya kazi nzuri sana huko. Ikikufanya ushushe mabega, hiyo ndiyo ya mto.

Kamomili ina harufu tamu iliyo karibu na tofaa, na watu huipenda kwa upole wake. Tatizo ni kwamba vichwa vya maua hubomoka na kuwa unga, na unga huo hupenya kitambaa chepesi. Ukiitumia, ishonee kwenye kitambaa kilichosukwa kwa kubana, tabaka mbili. Na kama una mzio wa maua ya ukoo wa alizeti na daizi, iache kabisa, kwani kamomili ni ndugu yao.

Hopsi, maua makavu ya mmea unaotumika kutengenezea bia, zina sifa ya zamani ya kuleta usingizi, na wengi huzitafuta kwa ajili hiyo. Zinapokuwa mpya harufu yake ni ya majani machungu, si mbaya. Lakini utomvu wake ukikaa na hewa hubadilika, na baada ya miezi kadhaa mto unaanza kunuka jibini iliyozeeka. Mtu aliye tayari kufumua na kujaza upya mara kwa mara azitumie. Mimi nimeziacha.

Mnanaa huchangamsha. Menthol yake huleta hisia ya ubaridi puani, jambo zuri kwa mwenye mafua, lakini ukijaza mto mzima utakesha. Konzi ndogo ndani ya lavenda inatosha. Mchaichai una harufu safi ninayoipenda mno, ila jani lake lina makali pembeni na vijiti vyake ni vigumu. Ukate kwa mkasi vipande visivyozidi sentimita moja, toa vijiti vyote, na usitarajie udumu kama lavenda.

Kipimo ndicho kinachookoa mto. Usijaze mto wote majani. Shona mfuko wa ndani wa sentimita 15 kwa 20, utie gramu 30 hadi 40, uyatandaze yawe tabaka jembamba la unene wa kidole, kisha uuchomeke ndani ya foronya, upande wa chini wa mto wako wa kawaida. Kichwa kinalalia mto, harufu inapanda yenyewe. Niongeze neno moja ninaloliona la muhimu: harufu hutuliza, na kuizoea kila usiku huuzoesha mwili kwamba saa ya kulala imefika, lakini mto hautibu ugonjwa wa kukosa usingizi. Asiyelala wiki baada ya wiki anamhitaji daktari.

Ya kabatini

Hapa jiulize kwanza unataka harufu nzuri au unataka kuzuia nondo, maana majibu hayafanani.

Kama ni harufu tu, uwanja ni wako: lavandini, karafuu nzima, vipande vya mdalasini, rozimari, vipande vya sandali. Kifuko cha sentimita 10 kwa 12 hubeba gramu 15 hadi 20 za lavenda na kinatosha droo moja. Karafuu ni nzito, nusu ya kifuko hicho inatosha, kilichobaki jaza petali za waridi ili kifuko kisining'inie kama jiwe mfukoni.

Kama ni nondo, inabidi tusemezane ukweli. Anayekula nguo si yule nondo anayeruka, ni kiwavi wake, naye hula sufu, manyoya na hariri. Pamba safi na kitani safi haviguswi isipokuwa vikiwa na madoa ya jasho au chakula. Kwa hiyo kabati lililojaa pamba tupu halina haja ya kifuko cha kufukuza nondo, na unaweza kuchagua harufu kwa raha yako. Kwenye sufu, lavenda na mbao za mwerezi humsumbua nondo mkubwa asije kutaga, lakini hazimuui kiwavi ambaye yuko tayari ndani ya sweta. Nguo yenye dalili ya kuliwa ioshwe, au ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kifuko kinafuata baada ya hapo, kama mlinzi wa mlango.

Vidonge vya nafthalini huua kweli, hilo silipingi, na mtu mwenye sanduku la sufu za thamani anaweza kuvifikiria. Ila mvuke wake una madhara, hasa kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD: nguo zilizohifadhiwa na nafthalini zimewahi kuwasababishia kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Kati ya hivyo viwili, kwenye nyumba yenye mtoto, mimi nachagua friza na kifuko, na kazi ya ziada ninaikubali.

Mwili wa mto: sufi, sufu, pamba, au kumvi

Kuna wanaotaka mto mzima wa vitu vya asili, si mfuko wa ndani tu. Hapo majani huwa kitoweo, na kinachobeba kichwa ni kitu kingine.

Sufi ndiyo inayonivutia zaidi mkononi. Unyuzi wake una tundu katikati na umepakwa nta ya asili, ndiyo sababu ni mwepesi ajabu na haunywi maji kirahisi. Zamani ilijazwa hata kwenye maboya ya kujiokolea. Ukiitia mkono inateleza kama hewa yenye uzito kidogo. Lakini inaruka. Jaza sufi ndani ya chumba kisicho na upepo, na kitambaa puani, kwani nyuzi zake hupanda hewani na kuingia kila mahali. Vilevile inashika moto upesi, kwa hiyo iwe mbali na mshumaa na jiko. Baada ya muda hujikunja mabonge, na dawa yake ni kuuanika mto juani na kuupiga piga ukafutuka tena.

Pamba ni rahisi kupata na rahisi kuishika, ila hubanana chini ya kichwa na hunywa jasho. Ifaayo ni kuifumua na kuichambua upya kila baada ya miezi kadhaa. Sufu, nayo isichanganywe na sufi kwa kufanana kwa majina, ni ya joto na huhimili unyevu vizuri, lakini ndiyo chakula cha nondo, kwa hiyo ukijaza sufu usiache kuweka lavenda pembeni.

Kumvi za mpunga ni jambo jingine kabisa, na kwa mwenye shingo inayouma ndizo ningempa. Hazibonyei kama pamba, zinasogea. Ukilaza kichwa zinajipanga kufuata shingo na kubaki hivyo, na hewa inapita katikati yake hivyo mto haushiki joto. Mlio wake ni kama mchanga unaomwagwa polepole. Wengine huuzoea usiku wa tatu, wengine hawauzoei kamwe, na huwezi kujua uko kundi lipi mpaka ulale.

Shida ya kumvi iko kwenye matayarisho. Zikitoka mashineni zina vumbi la pumba na chenga za mchele, na chenga hizo ndizo mwaliko wa fukusi. Zipepete kwenye ungo mara mbili au tatu mpaka ungo usiache unga kiganjani. Zioshe kwa maji mengi, uzichuje, uzianike juani zikauke kabisa huku ukizigeuza. Jaza mto theluthi mbili tu, acha nafasi ya kumvi kutembea. Zina silika nyingi, na ncha zake hukwaruza, basi kitambaa kiwe kizito. Lavenda usiichanganye na kumvi moja kwa moja, kwani itasagwa na kuwa vumbi kila unapogeuka. Iweke kwenye mfuko wake mdogo juu ya kumvi.

Kuna na mto wa macho, kitu kidogo cha sentimita 10 kwa 22 hivi. Huo hujazwa mbegu za kitani, kiasi cha gramu 200, na kijiko kimoja au viwili vya lavenda. Mbegu hizo ni laini, zinateleza, na zina ubaridi, kwa hiyo mto unamwagika juu ya kope bila kuzibana. Nimeona watu wakijaza mchele badala yake. Inawezekana, ila mchele hauna utelezi ule. Mto huo wa macho usiupashe joto kwenye maikrowevu bila uangalifu. Mito ya nafaka iliyopashwa kupita kiasi imewahi kuwaka, na mbegu za kitani zina mafuta.

Kitambaa

Amerikani, ile pamba isiyopaushwa, ndiyo chaguo langu kwa mfuko wa ndani. Imesukwa kwa kubana kiasi cha kuzuia vumbi na bado harufu inapita. Ioshe kwanza, mara mbili ikiwezekana, ili wanga wa kiwandani utoke na kitambaa kirudi kabla hujashona. Bafta ni laini zaidi na inafaa kwa mto wa macho. Melimeli, ile pamba nyembamba, inatoa harufu kuliko zote, lakini inavujisha unga, hivyo ni ya karafuu nzima na vipande vya sandali, si ya kamomili. Kitani kina gharama na kinajikunja, lakini hunywa unyevu na kuuachia haraka, na nguvu yake huongezeka kikilowa, basi foronya ya kitani huzeeka kwa heshima.

Hariri ni nzuri machoni na baridi shavuni, ila karafuu ikigusana nayo mafuta huacha doa lisilotoka. Nililigundua hilo kwenye kipande cha hariri nilichokuwa nimekitunza miaka mingi. Ukipenda hariri, iwe nje, na ndani pawe na amerikani. Kitambaa cha gunia hupendeza kwenye kifuko cha kutundika, lakini nyuzi zake huvutavuta nguo laini, kwa hiyo kisilale juu ya sweta.

Mshono na mafuta ya manukato

Kwa kifuko cha nguo, kamba ya kukaza inatosha, na ina faida ya kufunguliwa ili kubadili majani. Kwa mto wowote unaolaliwa, kamba haitoshi. Shona pande tatu kwa ndani, rudia mshono mara ya pili milimita chache pembeni ya ule wa kwanza, pindua, jaza, kisha funga upande wa nne kwa mshono wa mkono wa kuficha. Zipu hurahisisha, lakini iwe upande wa chini, isiguse shavu.

Swali la mafuta ya manukato huja kila mara: je, si rahisi kudondosha matone kuliko kukausha majani? Ni rahisi, na harufu hukufurahisha siku ya kwanza. Kisha yanapeperuka mapema kuliko majani, yanaacha doa, na yakigusa ngozi bila kuzimuliwa huweza kuwasha. Mimi huyatumia kwa kufufua tu: matone matano juu ya vipande vya sandali au mizizi mikavu ya airisi, ambavyo hushika harufu, ndani ya chupa iliyofungwa kwa wiki mbili au tatu huku nikiitikisa, ndipo navichanganya na majani. Kitambaa hakiguswi na tone.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe na mto wowote, wa majani au wa kitu kingine; kitandani pake pawe patupu kwa usalama wa pumzi zake. Kafuri isikae mahali mtoto anapoweza kuifikia, kwani kuimeza ni sumu. Na kama unaishi na paka, kumbuka ini lake halivunji vizuri kemikali kama eugenoli iliyo kwenye karafuu, hivyo vifuko vya karafuu vibaki ndani ya droo iliyofungwa, visining'inizwe kwenye kitasa cha mlango akavichezea.

Kwa anayeanza leo na hajui ashone kipi, ningemshauri kifuko cha lavenda cha amerikani kwanza. Kinamalizika jioni moja, kikifungwa kwa uzi badala ya kamba kinafunza mkono mshono wa kuficha, na makosa yake hayamkoseshi mtu usingizi. Akikipenda, mfuko wa ndani wa kuchomeka kwenye foronya ndio wa pili. Mto wa kumvi uje baadaye, siku yenye jua la kuanikia na muda wa kupepeta.

Kila baada ya miezi mitatu au minne, chukua mfuko mkononi, ukande kidogo, unuse. Harufu ikirudi, bado una vitezi ambavyo havijapasuka, urudishe mahali pake. Ukinusa nyasi kavu tu, fumua upande mmoja, majani yamwage chini ya mimea bustanini, kitambaa kioshe, ujaze upya.